Muulize Mama wa Maabara: Ni Kijidudu Gani Hasa?

Barua za mwezi huu nimezisoma nikiwa na kalamu nyekundu, nikipiga mstari chini ya kila jina la dawa. Mistari ni mingi: azuma, sipro, Ampiclox, Flagyl, sindano za seftriaksoni. Walioandika jina la kijidudu kilichowaletea ugonjwa ni wachache mno, na kosa si lao, maana hakuna aliyewaambia. Kazi yangu yote kabla ya kustaafu ilikuwa kuinamia hadubini nikitafuta jina hilo, kwa hiyo mtanivumilia nikirudia swali lilelile kwa kila mmoja wenu. Naanza na barua isiyongoja.

Mbwa amemng'ata mwanangu

*Shikamoo mama. Mwanangu wa miaka saba ameng'atwa shavuni na mbwa wakati anatoka kisimani. Mbwa hana mwenyewe, vijana wamemuua. Bibi yake alimpaka pilipili na mafuta ya taa, kidonda kinaelekea kukauka. Nasikia sindano zake ni ishirini na moja, za tumboni. Je, nisubiri kwanza nione kama atapata dalili?*
— Baba wa mtoto, Bunda

Marahaba, baba. Uliacha namba ya simu, nasi tumezungumza siku ileile barua iliponifikia. Namshukuru Mungu mtoto ameshaanza chanjo. Nimelichapa swali lako kwa sababu najua yuko mzazi mwingine ambaye sasa hivi anasubiri dalili.

Dalili za kichaa cha mbwa hazisubiriwi. Zikishaanza, yaani homa, kuwashwa pale palipong'atwa, kuogopa maji, kushtushwa hata na upepo, karibu hakuna anayepona, hata akilazwa katika hospitali kubwa kuliko zote duniani. Nafasi ya kumwokoa mtu iko kabla ya hapo, na ni nafasi nzuri sana. Kirusi hiki huingia kwenye mishipa ya fahamu pale kwenye jeraha, kisha hupanda polepole kuelekea ubongoni. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na chanjo humwokoa mtu kwa sababu hukiwahi njiani. Jeraha la usoni liko karibu na ubongo, ndiyo maana nilikupigia wewe kabla ya kufungua barua nyingine.

Bibi alipaka kwa mapenzi, lakini pilipili na mafuta ya taa huchoma nyama na hayamwokoi mtoto. Kinachosaidia ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha kabisa, kwani kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta na sabuni huubomoa. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Pigeni simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, maana zahanati nyingi hazina, na mtaokoa saa nyingi za barabarani.

Hizo sindano za tumboni zilikuwepo zamani, enzi za chanjo zilizotengenezwa kwa ubongo wa wanyama. Siku hizi ni chache, hudungwa begani, na kwa mtoto mdogo sana pajani. Kwa jeraha la usoni daktari huongeza dawa ya kingamwili, ambayo huchomwa kuzunguka kidonda pale inapopatikana.

Na yule mbwa: angekuwa hai angefungwa na kutazamwa siku 10. Angebaki mzima, daktari angeweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini sindano ya kwanza haisubiri siku hizo 10. Huko kwenu, vijiji vya pembeni mwa Serengeti vimechanjwa mbwa kwa miaka mingi, na inajulikana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Vijana waliomkimbiza mbwa yule wawapeleke wa kwao siku ofisa mifugo atakapopita.

Taifodi isiyoisha

*Mama, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, mke wangu anauza chakula. Tangu mwaka juzi kila nikijisikia uchovu nikipima naambiwa nina taifodi. Mara ya mwisho ilikuwa 1:160. Nimemeza sipro, nimechoma sindano siku tano, nikirudia kipimo bado ipo. Je, taifodi yangu ni sugu? Na watoto niwape dawa?*
— Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Watoto usiwape chochote. Sasa tukae, maana swali hili limeniletea barua nyingi kuliko jingine lolote.

Ulichopimwa kinaitwa Widal, jina la daktari Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Fundi wa maabara huchukua majimaji ya damu yako, huyachanganya na matone yenye bakteria wa taifodi waliokufa, kisha hutazama kama mchanganyiko unagandamana vipunje vipunje. Ukigandamana huandika namba: 1:80, 1:160, 1:320. Namba hiyo inaeleza wingi wa kingamwili, yaani askari ambao mwili wako umewahi kuwatengeneza. Widal inatazama nyayo. Mwizi mwenyewe haimwoni. Nyayo hizo zinaweza kuwa za taifodi uliyopona zamani. Zinaweza kuwa za chanjo. Zinaweza hata kuwa za malaria au za bakteria wengine wa jamii ya Salmonella, kwa sababu kingamwili hufananiana. Kwa mtu aliyekulia sehemu ambazo maji si salama, namba kama yako inaweza kukaa kwenye damu miezi na miaka akiwa mzima anashona nguo zake.

Ndiyo maana hakuna dawa itakayokuondolea hiyo 1:160. Sipro huua bakteria, kingamwili haizigusi. Kurudia Widal ili kuona kama umepona ni kupoteza fedha, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewaona watu wakiuza kuku na mahindi kulipia dozi ya tatu na ya nne ya ugonjwa ambao huenda hawakuwa nao.

Taifodi ya kweli ipo na inaua. Bakteria wake, Salmonella Typhi, anaishi ndani ya binadamu tu, hutoka kwa choo na kuingia kwa maji au chakula. Homa yake hupanda siku hadi siku, kichwa kinauma, tumbo halina raha, mtu anafunga choo au anaharisha, ulimi unakuwa mchafu. Ikiachwa hadi wiki ya tatu inaweza kutoboa utumbo, na hapo ni upasuaji. Haiji na kuondoka kila unapochoka kwa miaka miwili mfululizo.

Kipimo cha kumkamata mwenyewe ni kuotesha damu. Hutolewa damu, huwekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, chupa hukaa kwenye joto la mwili kwa siku kadhaa. Akiota, anatajwa jina na anajaribiwa dawa moja moja. Nacho kina udhaifu: hata kikifanywa vizuri humkosa karibu nusu ya wagonjwa, hasa waliokwisha kumeza antibayotiki. Kwa hiyo damu itolewe kabla ya dawa. Kipimo hiki hupatikana zaidi hospitali za rufaa.

Wewe, kwa maelezo yako, huna homa, una uchovu. Nenda kwa daktari umwambie neno hilo, uchovu, usimwambie taifodi. Apime wingi wa damu, sukari, presha, aulize unalala saa ngapi na unakula nini ukiwa kwenye cherehani. Jibu lako nadhani liko huko.

Jambo moja la kuongeza, kwa kuwa unasema mkeo anauza chakula. Wapo watu wachache ambao hupona taifodi lakini bakteria hubaki kwenye kifuko cha nyongo, wakatoka na choo miaka mingi bila wao kuumwa. Aliyejulikana zaidi alikuwa mpishi wa New York, Mary Mallon, ambaye aliwekwa karantini mara ya kwanza mwaka 1907, akaachiwa, akarudi jikoni kupika, akarudishwa karantini mwaka 1915 hadi kufa kwake mwaka 1938. Namhurumia sana mwanamke yule, kwani hakuwahi kuamini kwamba ana ugonjwa. Simtaji ili mkeo aogope. Namtaja ili sabuni isikosekane pale anapotokea chooni na kurudi kwenye sufuria.

Nimemaliza dozi, kipimo bado kinasema malaria

*Nilimaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita, homa iliisha. Nimepima tena kwa kile kipimo cha haraka, mistari miwili! Dawa ilikuwa feki?*
— Msomaji, Kibondo

Huenda dawa ilikuwa nzuri kabisa. Kipimo cha haraka hutafuta protini inayomwagwa na kimelea cha malaria, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Ukitaka kujua kama kimelea hai kipo, omba kipimo cha hadubini, damu ipakwe kwenye kioo na fundi aitazame. Kama huna homa wala dalili nyingine, usimeze chochote. Homa ikirudi, rudi kituoni na useme ulimeza dawa lini, na kama ulitapika dozi yoyote. Dawa mseto inywewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, ndipo mwili huichukua vizuri.

"UTI sugu"

*Shikamoo mama. Nina miaka 24, nipo chuo Dar es Salaam. Nina UTI sugu. Nikikojoa nasikia kuungua, na kuna uchafu mweupe unaowasha. Nimetumia azuma mara mbili, sipro, na sindano. Nikipimwa naambiwa kuna usaha kwenye mkojo. Rafiki zangu wanasema ni vyoo vya hosteli.*

Marahaba, binti yangu. Vyoo vya hosteli viacheni, ingawa vioshwe. Maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi huletwa na bakteria E. koli, mkazi wa utumbo wako mwenyewe, anapotambaa kutoka njia ya haja kubwa hadi kwenye tundu la mkojo. Kwa mwanamke njia hiyo ni fupi sana.

Kilichonisimamisha katika barua yako ni huo uchafu mweupe unaowasha. Hayo kwa kawaida si maelezo ya UTI. Huelekea fangasi wa ukeni, na fangasi hawafi kwa azuma. Tena hustawi baada ya antibayotiki, kwa sababu antibayotiki huua bakteria wema wanaoulinda uke, na fangasi wakapata nafasi. Inawezekana kila dozi uliyomeza imeongeza muwasho uliokupeleka kutafuta dozi nyingine. Inawezekana pia kuna ugonjwa wa zinaa, na huo nao una dawa yake tofauti, na mwenzako lazima atibiwe pamoja nawe. Siwezi kukupima kwa barua. Mwambie daktari kuhusu huo uchafu bila aibu na uombe upimwe sehemu zote mbili, ukeni na mkojo.

Usaha kwenye mkojo unaweza kuwa umetoka ukeni ukachanganyika na mkojo kwenye kikopo. Nimepokea vikopo vingi sana vya namna hiyo. Safari hii jioshe kwa maji, tenganisha mashavu ya uke, acha mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga ule wa katikati kwenye kikopo safi cha maabara, usikiguse ndani kwa vidole. Kifikishe maabara ndani ya saa moja. Mkojo uliokaa kwenye mkoba tangu asubuhi, bakteria wameshazaana humo, na majibu yake hayafai.

Kisha omba mkojo uoteshwe. Unasubiri siku mbili au tatu. Bakteria akiota, vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali huwekwa juu yake, na dawa inayomuua huacha duara tupu lisilo na bakteria. Hapo ndipo daktari anajua akupe ipi. Neno "sugu" lina maana baada ya kipimo hicho. Kabla yake ni kukisia, na dawa za kukisia zinatumalizia silaha: leo hii kuna E. koli wengi ambao sipro haiwafanyi kitu, na aliyewafundisha ni matumizi yetu.

Ukipata homa na maumivu ya mgongo chini ya mbavu, usisubiri majibu ya kuotesha. Nenda hospitali.

Mume wangu ana kifua kikuu

*Mume wangu ni apolo, anachimba huku Mirerani. Amepimwa amekutwa na TB. Mama mkwe ametenga sahani, kikombe na kijiko chake, na anataka nimwachishe ziwa mtoto wa miezi minane. Mume mwenyewe amemeza dawa miezi miwili, amenenepa, anasema amepona na anataka kurudi shimoni. Mkojo wake umekuwa wa rangi ya machungwa, anaogopa dawa zinamharibu.*
— Mama wa wawili, Mirerani

Pole sana, mwanangu, kwa mzigo huu. Nikujibu kuanzia kwa mama mkwe, kwa heshima yake. Sahani haina kosa. Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani, katika vitone vidogo anavyotoa mgonjwa anapokohoa, kuimba au kuzungumza, na chumba kilichofungwa ndicho kinachovihifadhi. Baba ale na familia yake. Madirisha ndiyo yafunguliwe, mchana na usiku inapowezekana, na akikohoa azibe mdomo kwa kitambaa. Akimeza dawa inavyotakiwa, na dawa ikawa inamuua bakteria wake, uwezo wa kuambukiza hushuka sana ndani ya wiki chache.

Mtoto anyonye. Maziwa yako hayana TB. Lakini huyo wa miezi minane na nduguye wapelekwe kliniki kuchunguzwa wiki hii, nawe pia. Watoto chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa, wakikutwa hawana ugonjwa, hupewa dawa ya kinga, kwa sababu kwao TB hukimbilia hadi kwenye ubongo. Hilo ni kubwa kuliko sahani zote, na natamani mama mkwe alipiganie hilo kwa nguvu zilezile.

Sasa baba. Rangi ya mkojo ni ya rifampisini, moja ya dawa anazomeza, ni kawaida, isimtishe. Kama ingekuwa macho ya njano, kutapika na kukosa hamu ya kula, hapo angerudi kituoni haraka, maana ini lingekuwa linalalamika.

Kwa nini miezi sita wakati ameshanenepa? E. koli akiwa na chakula cha kutosha hugawanyika kila dakika 20 hivi. Bakteria wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja, na wengine hulala kabisa. Dawa huwapata vizuri wale wanaokua. Miezi miwili ya kwanza, kwa dawa nne, huua wengi, kikohozi kinaisha, mwili unarudi. Miezi minne inayofuata, kwa dawa mbili, ni kwa ajili ya wale waliolala. Akiacha leo, waliobaki ndio waliovumilia zaidi, na wakirudi wanaweza kurudi na usugu. Nimewatazama chini ya hadubini mara nyingi, vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa bluu, na kioo cha mgonjwa aliyekatisha dawa akarudi baada ya mwaka kilikuwa kinanivunja moyo kabla sijaandika majibu.

Na shimo nalo lina sehemu yake. Vumbi la mwamba lenye silika huharibu mapafu na kumfungulia TB mlango, hata kwa kijana mwenye nguvu. Akimaliza dawa akarudi kwenye vumbi lilelile bila maji ya kulituliza wala kinga ya maana puani, hatari inabaki. Hapo karibu na ninyi, wilayani Siha, iko Hospitali ya Kibong'oto, ambayo imetibu kifua kikuu tangu enzi za ukoloni na inawajua wachimbaji vizuri. Mwombe daktari wenu ushauri wa kumpeleka akapimwe mapafu. Wachimbaji wenzake wanaokohoa zaidi ya wiki mbili nao wapime. Dawa za TB ni bure.

Na wakipeleka makohozi, yawe makohozi. Wengi huleta mate. Mtu asimame nje penye upepo, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kutoka kifuani. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa mbili na kusema kama rifampisini itafanya kazi, lakini ikipewa mate haina cha kusoma.

Swali la kidato cha pili

*Shikamoo bibi. Mwalimu anasema amoksilini haiui virusi. Mbona mimi nikipata mafua nikipewa nakunywa na napona? Na nawezaje kuwaona bakteria kwa hadubini ya shule?*
— Mwanafunzi, Chake Chake

Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako yuko sahihi. Amoksilini ni ndugu ya penisilini, ile ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928. Kazi yake ni kuharibu ukuta wa bakteria anapoujenga, hadi anapasuka. Kirusi hakina ukuta. Huingia ndani ya seli zako na kuzitumia kujizalisha, kwa hiyo dawa haina cha kubomoa. Mafua yako yaliisha kwa sababu mafua huisha yenyewe kwa siku saba hadi kumi. Jaribu mara ijayo kunywa chai ya tangawizi na maji mengi, uhesabu siku, utaona.

Virusi hutaviona kwa hadubini ya shule, ni vidogo mno kwa mwanga wa kawaida. Bakteria utawaona. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, aliwaona kwenye ukoga wa meno yake kwa kioo alichokisugua mwenyewe, nawe una kioo bora kuliko chake. Chukua mtindi, tone dogo, lichanganye na tone la maji juu ya kioo, lisambaze liwe jembamba sana, liache likauke. Mwombe mwalimu alipitishe juu ya moto mara tatu haraka, kisha aweke rangi ya methilini bluu dakika moja na kulisuuza taratibu. Anza na lenzi ndogo, upate mahali rangi ilipo, ndipo uende kwenye lenzi ya 40. Tafuta sehemu iliyo nyembamba kabisa. Kuna wa mviringo waliojipanga mnyororo, na kuna wa vijiti. Wachore wote unaowaona, uandike maziwa yalikuwa ya ng'ombe yupi na yaligandishwa siku ngapi, na unitumie mchoro.